Bao Ambalo Hakuna Aliyeliona

Katika nchi yetu hakuna mtu anayeujua mpira kuliko mimi, awe amevaa suruali au kanga. Kitu kimoja tu ndicho hakijaniingia kichwani mpaka leo: kwa nini baada ya mapumziko golikipa wetu anahamia kwenye lango la maadui, na hakuna anayemkamata.

Jina la nchi yetu silitaji. Si kwa woga. Sheria inasema jina hilo likitajwa lazima msemaji awe amesimama wima, mkono kifuani, na magoti yangu mimi yalikwisha kujiuzulu zamani. Kwa hiyo nitasema "nchi yetu" nikiwa nimeketi, nanyi mtaielewa kama mnavyoielewa siku zote, kwa kukonyezana.

Na msinitegemee kwa maneno makubwa. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikatoka kwa sababu darasa la tano lilikuwa halijajengwa. Lilikuja kujengwa baadaye, likafunguliwa na mawaziri watatu kwa zamu, lakini wanafunzi hawakuingizwa wasije wakalichafua.

Tuna vyuo vikuu viwili, kimoja ng'ambo ya mto na kimoja huku kwetu. Cha kwetu kinaitwa Chuo Kikuu cha Hekima na Ushindi. Hekima bado inasubiri kuidhinishwa; ushindi umetangulia. Timu yake ni Radi. Ukikutana na mtu njiani husemi "hujambo." Unasema "Radi!" naye anajibu "Imepiga!" Asiyejibu hivyo anatazamwa mara mbili, na mara ya pili anatazamwa na askari.

Sasa, Bao. Hata mtoto anayenyonya kwetu analijua Bao. Siku ya fainali dhidi ya chuo cha ng'ambo, Redio ya Taifa ilikata matangazo kabla ya mapumziko ili kumpisha Waziri, aliyekuwa akihutubia juu ya umuhimu wa kusikiliza. Watu wakatupa redio chini, wakakimbilia uwanjani. Nikakimbia na mimi, enzi hizo magoti yakiwa bado kazini. Na kipindi cha pili, kijana mmoja aitwaye Chambuso Likwela, mwanafunzi wa kilimo ambaye darasani walimjua kwa picha tu, akachukua mpira upande wa kushoto, akawapiga chenga mabeki wawili, akaanguka, akainuka, akapiga kwa mguu wa kushoto, mpira ukagonga nguzo, ukaingia, na kofia ya golikipa ikaingia nao. Na mguu ule ulikuwa umevunjika.

Hapo ndipo penyewe. Mguu ulikuwa umevunjika! Kila anayelisimulia Bao hapo hunyamaza kidogo, na wote waliopo humalizia kwa sauti moja: "Na mguu umevunjika!" Wazee hutokwa machozi.

Tukawa na desturi, ambayo sijasikia kama iko kwa watu wengine. Tunaiita kulisahihisha Bao. Jioni ya Ijumaa, kwenye vijiwe vya kahawa, mmoja hulisimulia na kulitia kosa makusudi. Kama ulikuwepo uwanjani, huwezi kuvumilia, unapiga kelele kumsahihisha. Wa kwanza kusahihisha hunywa kahawa ya bure. Anayenyamaza wanamcheka: huyu siku ile alikuwa anapalilia. Tumeizoea mno. Nenda kwa mwanamume yeyote wa kwetu aliyelala fofofo, mnong'oneze sikioni, "Alipiga kwa kulia." Atakujibu, "Kushoto, mwanaharamu wewe," na kugeukia ukutani.

Serikali nayo haikubaki nyuma. Mguu wa kushoto wa Chambuso ulitangazwa kuwa Hazina ya Taifa. Wa kulia akaachiwa mwenyewe kwa matumizi binafsi.

*

Chambuso namjua vizuri kwa sababu amepanga chumba changu cha uani. Mimi humwita mume wangu, yeye huniita bibi, na majirani wamekwisha kuchoka kucheka. Mke wake wa pili, nasema mimi, ni ile fimbo anayotembelea.

Hazina ya Taifa ilipona vibaya. Siku ile ya Bao daktari wa chuo aliufunga mguu plasta huku akicheza ngoma ya ushindi, nao mguu ukashika mdundo: ukakauka umepinda kama mpini wa mwavuli. Miaka ikapita ukiuma, akivumilia. Mwaka huu ukaanza kufa ganzi vidoleni. Akaenda kwa daktari wa mifupa, mama mmoja asiye na utani, akaugonga hapa na pale, akasema:

"Huu uvunjwe upya na unyooshwe kabla ya mvua za vuli. Ukichelewa, kijana wangu, sitanyoosha. Nitakata."

Vifaa vya kazi hiyo viko mahali pamoja tu katika nchi yetu, hospitali ya chuo. Na hospitali ya chuo ina sheria: aliyevunjika akikitumikia chuo, atatibiwa na chuo, aliyevunjika katika shughuli zake, atatibiwa na shughuli zake. Chambuso akaenda dirishani, nami nikamsindikiza, kwa sababu nilitaka kuona dirisha.

"Ulivunjikia wapi?" karani akamwuliza.

"Uwanjani. Fainali. Picha yangu hiyo hapo nyuma yako."

Karani akageuka, akaitazama picha, akaigeuzia ukutani.

"Humu kwenye faili tumeelezwa ulianguka kwenye mpera."

"Mpera gani?"

"Wa Bi Sikujua."

Bi Sikujua ndiye mimi. Nina mbuzi mmoja na mlonge mmoja. Mpera sina, sijawahi kuwa nao, na mapera yananifunga tumbo.

"Dada yangu," Chambuso akasema polepole, "mguu huu ulivunjika kipindi cha kwanza. Nilimwambia Mkuu wa Chuo mwenyewe, mle chumba cha kubadilishia nguo. Akaufunga kwa bendera kwa mikono yake, akaniambia, 'Taifa halichechemei,' akanisukuma nje. Watu wote waliniona nikichechemea."

"Andika malalamiko, uyapeleke kwa anayelalamikiwa."

"Nakwenda mahakamani."

"Kuushtaki mpera?"

"Kuwashtaki ninyi!"

Foleni nzima ikageuka. Mtu aliyekuwa akikohoa akaacha kukohoa, akaenda nyumbani, amepona.

*

Habari ilifika sokoni kabla yetu. Na hapo nikajifunza kwamba shabiki ni kama kuku wa jirani: mchana kutwa anakula kwako, jioni anakwenda kutagia kwingine.

Redio ikafungua simu. Wa kwanza akasema, "Mguu ni wake? Nani aliupa umaarufu huo mguu? Si sisi?" Wa pili akasema, "Mimi Radi imenivunja moyo kila mwaka. Nimewahi kushtaki?" Wa tatu alikuwa analia tu, mtangazaji akamshukuru kwa mchango wake. Mwanamke mmoja aliyempa mwanawe jina la Shoto, kwa heshima ya Bao, akampeleka akabadilishwe jina, sasa anaitwa Kulia. Mtoto mwenyewe ni wa shoto, anapigwa viboko kila akishika kijiko.

Wakaja mpaka mlangoni kwangu na jezi zenye jina lake, wazichome. Lakini zile jezi zilikuwa za nailoni, zilitoa moshi mweusi tu zikawagandia vidoleni, ikabidi nitoe mafuta ya nazi niwasugue, msaliti mwenyewe akiwashikia taa.

Kiongozi wao alikuwa Sudi Pembe, Mwenyekiti wa Mashabiki wa Radi, mwenye bucha pale njia panda. Sudi ni mkwe wangu. Amemwoa binti yangu wa pili, na mpaka leo akinisalimia hutazama chini kama anatafuta shilingi. Mkwe mzuri. Ila siku ya Bao alikuwa amekaa nyuma ya lango kabisa, mpira ulipoingia akalikumbatia lile lango kwa furaha na kulibusu, akaliachia jino la mbele. Pengo hilo aliliita Pengo la Bao. Wateja walikuwa wakilipia nyama, wakifunguliwa mdomo, wakiliona.

Sudi akaitisha kikao, akatoka na azimio.

"Mshtakiwa," akasema. Mtu akamkumbusha kwamba Chambuso ndiye mshtaki. "Mshtaki tunayemshtaki," Sudi akasahihisha, "alipewa na sisi makofi mengi sana siku ile. Makofi yetu yalikuwa ya uaminifu. Sasa amegeuka. Basi ayarudishe! Yote!"

"Ayarudishe!" wakaitika.

Ikaundwa Kamati ya Kurejesha Makofi, ikapewa ofisi, na ofisi ikapewa mlinzi.

Nilidhani Chambuso atajifungia ndani. Thubutu. Asubuhi yake akaoga, akapaka mafuta, akavaa shati la sikukuu, akachukua fimbo yake, akaenda moja kwa moja buchani kwa Sudi, watu wamepanga mstari wa nyama. Akaegemeza fimbo ukutani. Akasimama kwa mguu mmoja na nusu.

"Mwenyekiti, nimeleta makofi."

Akaanza kumpigia. Pole pole, usoni kabisa. Pa. Pa. Pa. Sudi akashika kisu cha nyama hajui akiweke wapi.

"Basi, yatosha," Sudi akasema.

"Hayajatosha. Wewe peke yako ulinipigia mpaka viganja vikavimba, ulinionyesha. Hesabu ya watu siichezei." Pa. Pa. "Na wewe mzee wa maini, simama hapo hapo, ya kwako yanakuja." Pa. Pa. "Nikimaliza hapa nakwenda nyumba kwa nyumba. Nitawapigia mkila, nitawapigia mkioga. Mtu asiseme Chambuso alikaa na kitu cha mtu."

Mstari ukavunjika. Watu wakala mboga za majani siku ile, na Kamati ya Kurejesha Makofi ikavunjwa, isipokuwa mlinzi, ambaye bado anaulinda ule mlango.

*

Tatizo la kweli halikuwa makofi. Tatizo lilikuwa Kombe.

Sheria ya mpira ya nchi yetu inasema timu inayomrudisha uwanjani mchezaji ikijua amevunjika, inanyang'anywa kombe na anapewa aliyefungwa. Mtauliza: si mlikuwa mkijigamba kila Ijumaa kwamba mguu ulikuwa umevunjika? Tulikuwa. Lakini majigambo si ushahidi. Ushahidi ni majigambo yaliyoapiwa. Mahakama ikisema mguu ulivunjikia uwanjani, Kombe linavuka mto siku ileile.

Basi Mkuu wa Chuo, Profesa Nondwa, akatuita sote uwanjani. Profesa Nondwa ni mtu mfupi mwenye vyeo virefu. Mshereheshaji akianza kumtambulisha, watu huenda kunywa chai na kurudi. Tulijaa mpaka juu ya uzio. Akapanda jukwaani, akanywa maji, akapigiwa makofi kwa kunywa maji.

"Wananchi wapenzi wa Radi, na ninyi wapenzi wa wapenzi wa Radi! Kukumbuka ni haki ya kila raia. Lakini kila haki ina wajibu wake, na wajibu wa kukumbuka ni kusahau. Utafiti wa chuo chetu, nilioufanya leo asubuhi nikinyoa ndevu, umethibitisha kwamba siku ya fainali jicho la kila shabiki lilikuwa na machozi. Jicho lenye machozi halioni. Na asiyeona kitu mahali, je, kisayansi, alikuwepo mahali hapo?"

"Hakuwepo!"

"Mlikuwepo?"

"Hatukuwepo!"

"Mmewahi kuingia katika uwanja huu?"

"Hatujawahi!" tukapiga kelele uwanja mzima, mpaka popo wakatoka darini.

Nasema "tukapiga," lakini mimi nilikuwa natafuna karanga.

Tangu siku hiyo ulikuwa muujiza. Uwanja ule huingiza watu elfu ishirini, lakini kwa hesabu ya majigambo siku ya Bao walikuwemo laki tatu na ushei. Wote wakatoka kwa mpigo. Huyu alikuwa mgonjwa, yule alikuwa safarini, yule mwingine alikuwa hajazaliwa, na ndevu zake nyeupe. Kijiwe cha kahawa kikapigwa marufuku kulisahihisha Bao. Wakakaa Ijumaa nzima wakizungumzia bei ya saruji, sura zao kama watu waliofunga ndoa na saruji. Mkwe wangu Sudi akatangaza kwamba jino lake lilitolewa na ng'ombe.

"Ng'ombe hai?" mteja akamwuliza.

"Wakati huo alikuwa hai."

Kisha wakaja kwangu. Maofisa wanne wa chuo, wamevaa tai, na lori. Kwenye lori kulikuwa na mpera.

"Shikamoo bibi. Tumekuja kurejesha mpera wako wa kihistoria."

"Marahaba wanangu. Pandeni tu, lakini msimwumize mbuzi, yeye ni wa sasa."

Wakachimba shimo, wakausimika. Ulikuwa na mapera tayari, makubwa kwa madogo, yamefungwa kwa uzi ili mti uonekane wa siku nyingi. Kwenye pera moja kulikuwa na kibandiko cha duka. Wakaweka kibao: HAPA NDIPO ALIPOANGUKA. Wakapiga picha, wakanishukuru kwa uzalendo, wakaondoka.

Chambuso akatoka chumbani akausogelea, akautazama muda mrefu.

"Bibi, mti wenyewe hauna mizizi. Ni tawi."

"Najua, mume wangu."

"Wataupeleka mahakamani uwe ushahidi."

"Basi wafanye haraka."

Mchana nikapika maharage, na maharage, kama mjuavyo, yanataka kuni nyingi. Kibao nacho kilikuwa kikavu vizuri. Walipokuja maofisa wa mahakama kukagua mahali pa tukio, nikawakaribisha maharage. Walisifu moto.

*

Siku ya kesi, mahakama ilijaa watu ambao hawajawahi kuwa popote. Chambuso alikaa peke yake upande wa kushoto. Hakuna wakili aliyemtaka. Kila wakili aliyemwendea alikuwa na jezi chini ya joho. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza kukusanya mawingu, ninayaona dirishani, na mguu wake aliunyoosha mbele kwa mikono, kwa sababu wenyewe ulikuwa hausikii tena amri.

Jaji alikuwa mtu mwenye heshima. Akauliza nani alikuwepo. Watu wakatazama viatu vyao. Wakaitwa mmoja mmoja. Mwokota mipira wa siku ile akaapa kwamba aliokota mipira hiyo sehemu nyingine. Refa akaapa hajui mpira. Daktari wa chuo akaapa alifunga plasta kwenye mguu, lakini mguu ulikuja peke yake.

Profesa Nondwa akaapa kwa sauti ya mazishi. "Siku hiyo, Mheshimiwa, nilikuwa ng'ambo ya bahari, katika kongamano la kimataifa kuhusu ukweli. Uwanjani sikukanyaga. Huyu kijana chumba cha kubadilishia nguo alikiota."

Akapanda Sudi Pembe. Alipofika kizimbani akanitazama mara moja, akashusha macho haraka.

"Siku hiyo nilikuwa makaburini, Mheshimiwa. Nilikuwa namzika mama mkwe."

Watu wakageuka kunitazama. Nikajifunga kanga vizuri, kwa sababu maiti naye ana heshima yake.

Zamu yangu ilipofika nikanyanyuka. "Mimi nilikuwepo, baba. Niliona mguu, niliona na bendera iliyoufunga, ilikuwa inavuja damu."

Jaji akapekua alichoandika. "Jina?"

"Sikujua binti Mtopa."

"Bwana Sudi Pembe una uhusiano naye?"

"Mkwe wangu."

"Basi, bibi, kwa kiapo cha Mwenyekiti, siku hiyo ulikuwa unazikwa. Mahakama haiwezi kupokea ushahidi wa macho kutoka kwa mtu aliyefumbwa macho. Pole kwa msiba."

"Ahsante," nikasema. Ningesemaje?

Nikarudi kukaa, na safari hii sikwenda upande wa watu. Nilikaa kando ya Chambuso. Uso wake ulikuwa mgumu kama kizingiti.

"Imekwisha, bibi," akaninong'oneza. "Uwanja mtupu. Mguu wangu ulivunjika peke yake, bila hata refa."

"Utapewa neno la mwisho?"

"Nitapewa. Niwaombe?"

"Ukiwaomba nitakuacha, nitafute mume mwingine. Wasimulie Bao."

"Wanalijua Bao."

"Ndiyo maana," nikamwambia. "Likosee."

Akanitazama. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule uandame, nikamwona anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

*

Akasimama. Fimbo akaniachia mimi.

"Mheshimiwa Jaji, nimeshindwa. Kwa kuwa hakuna aliyekuwepo, hakuna atakayebisha nikisema kweli ya mambo yalivyokuwa. Niruhusu nilisimulie lile Bao, tulizike."

Jaji akaruhusu. Mahakama nzima ikasogea mbele kwenye viti, kwa mazoea tu.

"Nilichukua mpira upande wa kulia."

Kitu kama upepo kikapita. Watu wakashikana mikono.

"Nikampiga chenga beki. Mmoja."

Mzee wa maini akaweka kichwa chini ya benchi. Refa asiyejua mpira akanyoosha vidole viwili, akavikamata kwa mkono wa pili, akavirudisha mfukoni. Karani akavunja ncha ya penseli.

"Beki mwenyewe alikuwa anaumwa. Sikuanguka, na kwa hiyo sikuinuka. Nikapiga kwa mguu wa kulia."

"Mama yangu," mtu akaguna.

Sudi Pembe alikuwa amevua kofia, ameisokomeza yote mdomoni, macho yamemtoka, machozi yanatiririka mpaka kidevuni. Jaji akawa anapanguza miwani ambayo hakuwa ameivaa. Nami nikaona jambo ambalo Profesa hakulifanyia utafiti. Kumbe watu wale walikuwa tayari kuutoa mguu wa Chambuso ili wabaki na Kombe. Lakini Kombe bila Bao ni sufuria lenye masikio. Walilitunza lile sanduku la kioo la Kombe miaka yote, na ndani yake walichokuwa wakikitazama ni kijana anayeinuka.

Chambuso hakuwahurumia. Alisimama wima kadiri mguu ulivyomruhusu, sauti yake haitetemeki.

"Mpira haukugonga nguzo. Ulitambaa kama mlevi. Golikipa alikuwa anafunga kamba ya kiatu, na kofia yake ilibaki kichwani. Na ukweli mwenyewe, Mheshimiwa, niliotea. Lilikuwa bao la wizi, la mguu mzima, mtu yeyote angelifunga. Hata bibi huyu marehemu."

"MWONGO!"

Haikuwa sauti ya Sudi. Sudi alikuwa na kofia mdomoni. Ilikuwa sauti ya Profesa Nondwa. Amesimama juu ya kiti, mtu mfupi yule, tai imezunguka mgongoni.

"Mwongo mkubwa! Mabeki wawili! Wawili! Na kushoto! Mguu wa kushoto, nilioufunga mwenyewe kwa bendera, kwa mikono hii, mfupa unaonekana hivi, unaonekana! Nikakwambia usiende, nikakwambia nenda! Ulianguka mbele yangu, ukainuka, ukapiga, na mguu umevunjika!"

"NA MGUU UMEVUNJIKA!" mahakama nzima ikaitikia, wazee kwa vijana, askari wa mlangoni, refa, na Jaji mwenyewe, mkono ameuinua hewani.

Mvua ikaanza kugonga bati.

Jaji akashusha mkono taratibu. "Karani," akasema, "andika kabla hayajapoa. Mguu ulivunjikia uwanjani. Aliyemrudisha uwanjani ni Mkuu wa Chuo. Hospitali imwingize leo."

Na walimwingiza leo ileile. Yule mama asiye na utani aliuvunja na kuunyoosha, akiwa hachezi ngoma yoyote. Ninapoandika haya mwenyewe yuko uani anaukunja na kuukunjua, ananilia mihogo yangu na kusema haina chumvi. Kombe limevuka mto, na Ijumaa vijiwe vimejaa kuliko zamani. Lakini nisiruke, mahakamani tulikuwa hatujamaliza.

Profesa Nondwa aliteremka kwenye kiti kama mtu anayeteremka mnazi. Akarekebisha tai.

"Mheshimiwa, nifafanue. Nilikuwa ng'ambo ya bahari, kama nilivyoapa. Maelezo hayo niliyapata redioni. Kipindi cha pili nilikisikiliza chote."

Basi hapo desturi ikamshinda mkwe wangu. Aliitema ile kofia, ikaruka mpaka mezani kwa karani.

"Kosa!" Sudi akanguruma. "Redio ilikatwa kabla ya mapumziko, Profesa! Alikuwa anahutubia Waziri! Ndiyo maana sote tulikuwa uwanjani!"

Akaketi, anahema, uso umemng'aa, anatazama huku na huku kama anayesubiri kahawa yake.

"Bwana Sudi," Jaji akasema kwa upole. "Si ulikuwa makaburini, unamzika mama mkwe?"

Sudi akatazama dari. Akatazama sakafu. Akanitazama mimi, mkwe wake, nimekaa pale na kanga yangu na fimbo ya watu, ninamsubiri kwa hamu kama kila mtu. Pengo la Bao likafunguka, likafumba, likafunguka tena.

"Nilikuwa namzika, Mheshimiwa," akasema. "Ila marehemu aliomba kwanza aone kipindi cha pili."